Mgeni Aliyemo Ndani ya Gari

Kila gari linalotoka kiwandani limetengenezewa mtu ambaye kiwanda hakimjui. Anaweza kuwa mzee anayerudi kutoka harusini usiku wa mvua, mkewe akisinzia kando yake. Anaweza kuwa kijana aliyepata leseni wiki iliyopita, au muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, tairi zake za nyuma zimekwisha na yeye hana habari. Wahandisi hawawezi kujua ni yupi, kwa hiyo huliandaa gari kana kwamba wote watatu watalishika usukani siku moja, na wote watatu watakosea.

Ndiyo maana gari la kawaida likiingia kona kwa mwendo uliozidi, tairi za mbele huachia kwanza. Gari linakataa kukunja, linasukumwa kuelekea nje ya barabara, na dereva aliyeshtuka anafanya lile ambalo mwili humtuma kila binadamu: anaondoa mguu kwenye mafuta na kuzidi kukunja usukani. Uzito unahamia mbele, tairi zinashika tena, na dereva anafika nyumbani akidhani ni ustadi wake. Kama za nyuma ndizo zingeachia kwanza, mshtuko ule ule ungempeleka mtaroni kinyumenyume. Hakuna kilichotokea kwa bahati hapo. Mtu fulani alikaa na kuchagua unene wa springi na fimbo za chuma akimfikiria dereva ambaye hatamwona maisha yake yote.

Huyo asiyejulikana nitamwita mgeni. Na ukiniuliza mtu anafanya nini hasa anaponunua gari la spoti na kuanza kulibadilisha ili Jumamosi alipeleke uwanja wa mbio na Jumatatu aende nalo kazini, nitakujibu kwamba anamtoa mgeni ndani ya gari. Mwenyewe hatalisema hivyo. Atasema anataka gari lishike kona vizuri, au lisiyumbe. Lakini angalia anachokifanya. Anaweka nyuma fimbo nene zaidi ya ile inayounganisha tairi za kushoto na za kulia, ambayo mafundi huiita stabilaiza, ili sehemu ya nyuma iwe tayari kuzunguka haraka. Anaweka springi ngumu na kulishusha gari. Anaziinamisha tairi za mbele ziegemee ndani upande wa juu, kwa digrii tatu hivi badala ya ile moja au pungufu ya barabarani. Kila hatua inamchukua dereva mmoja tu katika hesabu, yeye mwenyewe, akiwa macho, akiwa na kofia kichwani, lami ikiwa kavu.

Digrii hizo tatu zina maana kubwa uwanjani. Gari linapolala kwenye kona, tairi ya nje iliyoegemea ndani husimama wima na kukanyaga lami kwa upana wake wote. Ila barabara ya kwenda kazini imenyooka, na huko ukingo wa ndani ndio hubeba karibu kila kitu. Ukilitazama gari hilo kwenye maegesho, tairi ni mpya kabisa. Pitisha mkono upande wa ndani, pale macho yasipofika, uguse nyuzi.

Breki ndizo mahali ambapo kazi mbili za gari hili huonekana wazi zaidi, na ningependa kukaa hapo kidogo. Chukua gari la kilo 1,400 linalokwenda kilomita 180 kwa saa. Kulisimamisha mara moja tu hutoa joto linalotosha kuchemsha lita tano za maji kutoka baridi. Joto lote hilo huingia kwenye diski za chuma na pedi zake. Kutoka kilomita 100 kwa saa, joto ni chini ya theluthi ya hilo, kwa sababu mwendo ukiongezeka mara mbili joto huongezeka mara nne. Barabarani mtu anaweza kumaliza mwezi bila kukanyaga breki kwa nguvu zote hata mara moja. Uwanjani atafanya hivyo mara kadhaa kila mzunguko, na diski hazijapoa kutoka ile ya kwanza.

Pedi huanza kunuka. Halafu joto hupita kwenye pistoni na kuingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani hata gari likiwa limeegeshwa, na yakishanyonya kiasi, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Hapo dereva anakanyaga na pedali inaenda hadi sakafuni pasipo gari kupunguza mwendo. Waliokutana na jambo hilo huwa hawalisimulii kwa kucheka.

Kinga yake ni kazi ya gereji ambayo haina sifa yoyote. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva, mwenzake amelala chini kando ya gurudumu, ana spana ndogo, mpira mwembamba unaoonyesha ndani na chupa tupu ya soda. "Kanyaga." Anakanyaga. "Tena. Tena. Shikilia." Spana inageuka robo, mafuta ya kahawia yanakimbia ndani ya mpira, na katikati yake vinapita vipovu vidogo vya upepo. "Usiachie! Usiachie kwanza." Spana inarudi. "Haya, achia." Wanaanza upya, gurudumu baada ya gurudumu, wakianzia mara nyingi lile lililo mbali zaidi na pedali, mpaka mafuta yatoke yakiwa na rangi ya njano iliyo safi na hakuna kipovu. Aliye juu akiinua mguu kabla ya kuambiwa, upepo unarudi ndani na kazi yote inakuwa bure. Kazi hii inagharimu chupa ya mafuta na saa moja. Haiongezi hata nguvu ya farasi mmoja, na rafiki zako hawataiona.

Pedi za uwanjani nazo zina tatizo la upande wa pili. Zimetengenezwa zishike zikiwa na moto mkali. Asubuhi ya Jumatatu, zikiwa baridi, hupiga kelele kwenye foleni na kushika kidogo kuliko zile za kiwandani. Mtoto anayevuka barabara mita mia moja kutoka langoni kwako hatangoja zipate joto. Mgeni yule, ambaye mwenye gari alidhani amemtoa, alikuwa na jamaa zake nje ya gari pia.

Ndiyo maana, kama ningeulizwa ushauri, ningependekeza mpangilio ambao wauzaji wa vipuri hawaupendi. Kwanza mafuta ya breki na pedi zinazofanya kazi zikiwa baridi na zikiwa za moto kiasi, hata kama si bora kabisa kwa lolote kati ya hayo mawili. Kisha tairi nzuri, kisha upoaji wa oili na wa injini. Nguvu za injini mwishoni kabisa, au zisije. Gari linalopelekwa uwanjani linahitaji uvumilivu kabla ya kasi. Injini nyingi zinazofia huko huuawa na kona ndefu: oili husukumwa upande mmoja wa sampu, pampu ikanyonya hewa kwa sekunde mbili tatu, na beringi za krenki zikasagana zikiwa kavu. Vibati vya kuzuia oili isikimbie ndani ya sampu ni vitu duni kwa bei na kwa sura, na vinaokoa injini nzima.

Lakini pesa nyingi huanzia kwenye ekzosi. Nairobi tunaijua hadithi hii kwa masikio. Subaru ikipita Thika Road saa sita usiku, mtaa mzima unajua. Ule mngurumo wa kukatakata unaopendwa sana hutokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu kutoka kila upande wa injini, basi. Ni matokeo ya mabomba yalivyopangwa, na Subaru walipoyasawazisha kwenye baadhi ya injini zao za baadaye sauti ilipotea. Bomba pana linaisambaza sauti hiyo hadi mtaa wa pili. Kwenye mzunguko wa mbio faida yake ni ndogo mno.

Kuna mahali Ujerumani ambapo uwanja wa mbio na barabara ni kitu kimoja kwa sheria, na sijui pengine panapolionyesha swali la mgeni waziwazi kama hapo. Ni Nordschleife, njia ya zamani ya Nürburgring kwenye milima ya Eifel, iliyojengwa kuanzia 1925 ili kuwapa kazi watu wa eneo lile maskini na kufunguliwa 1927. Ina urefu wa kilomita 20.8, kona zaidi ya sabini, na tofauti ya mwinuko ya karibu mita 300. Jackie Stewart, aliyeshinda hapo mwaka 1968 katika ukungu na mvua, ndiye aliyeipa jina la Jehanamu ya Kijani. Agosti 1976 Niki Lauda alikaribia kufa humo ndani ya gari lililoshika moto, na Formula 1 haikurudi tena kwenye njia hiyo.

Hata hivyo tangu mwanzo mwananchi ameweza kulipa na kuingia na gari lake. Siku za wazi, Nordschleife kisheria ni barabara ya kulipia ya upande mmoja. Sheria za usalama barabarani za Ujerumani zinatumika. Unapita wenzako kwa kushoto tu. Kupima muda wa mzunguko ni marufuku, na gari lazima liwe na usajili na lifae barabarani. Ukigonga kingo za chuma, utalipia kingo. Kwa hiyo pale mlangoni utakuta mistari ya ajabu: Porsche iliyoshushwa hadi karibu na lami, Mazda MX-5 ya zamani, na gari la familia lenye kiti cha mtoto nyuma. Wote wataingia pamoja. Anayeingia Fuchsröhre, kipande kimoja cha njia hiyo, kwa mwendo wa kukandamizwa kitini anaweza kumkuta mbele yake baba anayeonyesha wanawe mandhari.

Wajerumani wamelitatua suala la mgeni kwa njia yao, yaani kwa karatasi. Ukibadilisha springi, rimu au usukani, kifaa hicho kiwe na kibali kinachokubalika, au mkaguzi wa shirika kama TÜV alitazame gari na mabadiliko yaandikwe kwenye hati zake. Bila hivyo gari linaweza kupoteza idhini ya kutembea barabarani. Wapenda magari wa huko hulalamika sana juu ya mkaguzi huyo, jinsi anavyolala chini ya gari na tochi akitafuta springi inayocheza pale gari linapoinuliwa. Mimi naona anafanya kazi ya heshima. Yeye ni wakili wa mgeni. Anauliza kwa niaba ya mzee wa harusini na muuguzi wa zamu ya usiku: je, na hawa wakilishika gari hili?

MX-5 niliyoitaja inastahili neno la ziada, kwa kuwa ni mfano wa gari ambalo halihitaji kubadilishwa sana. Ilionyeshwa Chicago Februari 1989, ikiwa na injini ya lita 1.6, nguvu za farasi 115 hivi na uzito usiofika tani moja. Wepesi huo ndio siri yake. Hesabu ile ya joto la breki huanzia kwenye uzito, kwa hiyo gari jepesi halichoshi breki, halili tairi, na linaweza kwenda uwanjani na kurudi bila kufanyiwa mengi. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alikuwa ameuona ukweli huo mapema. Lotus Seven yake ya 1957 iliuzwa kwa vipande ili mnunuzi aiunganishe nyumbani na kukwepa kodi, na wengi waliiendesha hadi uwanjani, wakashindana, wakarudi nayo nyumbani jioni. Ndani yake hapakuwa na nafasi ya mgeni hata kidogo. Mvua ikinyesha, unalowa.

Sisi Afrika Mashariki tulikuwa na mchanganyiko wetu wa mbio na barabara, tena mkubwa kuliko wa Ujerumani. Safari Rally ilianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, na kwa miongo mingi iliendeshwa kwenye barabara zilizo wazi kwa umma. Gari la mashindano lilipita palepale penye lori la mahindi, matatu, ng'ombe na watoto wa shule. Timu kubwa zilirusha helikopta mbele ya dereva kumwonya kuhusu kilicho nyuma ya kilima. Magari yalibadilishwa kwa ajili ya hilo: chuma cha kukinga mbele, bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi juu ya paa kwa ajili ya mito, chasisi iliyoinuliwa badala ya kushushwa. Patrick Njiru aliiendesha Subaru Impreza hadi nafasi ya nne mwaka 1994, na Colin McRae akaipa Subaru ushindi 1997. Mapenzi ya Wakenya kwa gari hilo hayakutokana na matangazo ya televisheni. Liliwapita mlangoni. Mashindano yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, yalifanyika kwenye njia zilizofungwa, kama inavyopasa. Sidhani kuna mtu mwenye akili timamu anayeomba utaratibu wa zamani urudi.

Mapenzi hayo ndiyo yanayoleta Mombasa magari yaliyokwisha kutumika Japani, na hapa habari ya mgeni inageuka. Impreza iliyoundwa Ota, mkoa wa Gunma, iliangukia kwa Mjapani aliyependa milima. Alimtoa mgeni wa kiwandani, akaweka springi zake fupi na ngumu, akapanga digrii zake, labda akabadilisha programu ya injini ili inywe petroli ya huko ya daraja la juu, ambayo oktani yake hufika 100. Miaka ikapita, gari likauzwa kwa mnada, likavuka bahari. Mnunuzi wa Nairobi anapolipokea, yeye ndiye mgeni sasa, na gari halikumtarajia. Linakwaruza tumbo kwenye kila tuta. Linakunywa petroli ya oktani ya chini kuliko iliyopangiwa, na injini inaanza kugonga ndani taratibu, mlio ambao dereva asiyezoea hausikii mpaka pistoni ipasuke. Hewa ya mwinuko wa mita 1,700 ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko ya pwani, na turbo inazunguka kwa nguvu zaidi kuifidia. Fundi analaumiwa, Subaru inalaumiwa, na aliyeipanga anaishi Japani na pengine alikuwa sahihi kabisa kwa barabara zake.

Kuna mabadiliko machache ambayo ningeyakataa kwa gari lolote litakalobeba namba ya barabarani. Fremu kamili ya chuma ndani ya gari ni kitu cha kuokoa maisha uwanjani, kwa sababu dereva amevaa kofia. Barabarani hakuna anayevaa kofia, na bomba lile lile liko sentimita chache kutoka kwenye fuvu. Ajali ndogo ambayo ingeisha na shingo kuuma inageuka kitu kingine. Mkanda wa ncha nne au sita, ukifungwa ndani ya gari lisilo na fremu, humkaza mtu wima wakati paa linabonyea. Vitu hivi hutegemeana, na kukichukua kimoja bila vingine ni hatari kuliko kuacha vyote. Porsche wanalijua hilo: kwenye magari yao ya barabarani yenye kifurushi cha Clubsport huweka fremu ya nyuma ya viti tu, na mkanda wa ncha sita hutolewa pamoja na ule wa kawaida, ambao haubanduliwi. Hata wao wamemwachia mgeni kiti.

Mabadiliko yanayonipendeza ni yale yanayoweza kurudishwa jioni. Tairi ni mfano mzuri. Uwanjani upepo hupanda kwa joto, kwa hiyo asubuhi dereva anaupunguza, anazunguka, anarudi na kuupima tairi zikiwa za moto, anapunguza tena. Saa kumi na moja, wenzake wakifungasha, yeye anachuchumaa na pampu akirudisha upepo wa psi 32 kabla ya kushika barabara. Wengine wana seti mbili za rimu, moja ya tairi laini za uwanjani na nyingine ya nyumbani. Kuna shokomzoba zenye kifundo cha kuzungusha juu: geuza kushoto kwa Jumatatu. Mwenye gari la namna hii anakubali kuchafua mikono mara mbili kwa siku ili asimlazimishe kila mtu kuishi na Jumamosi yake.

Hatimaye gari litauzwa, na mwenye akili atavuta kutoka stoo springi za kiwandani, stabilaiza nyembamba na ekzosi ya kimya. Vitu hivyo hurudi kwa alasiri moja. Programu ya injini haionekani. Mnunuzi akiinua boneti ataona plastiki zile zile za kiwandani. Huku kwetu ukibadili injini au rangi, kitabu cha usajili hubadilishwa. Digrii za tairi, mafuta ya breki yaliyowekwa lini, ramani ya injini na oktani inayodai havina mahali pa kuandikwa. Inabidi muuzaji mwenyewe achukue karatasi, aandike kila alichobadilisha na kila alichokirudisha, na kuiweka kwenye dashibodi. Nimeona magari mengi yaliyobadilishwa yakiuzwa, na karatasi hiyo ni nadra.